Pikipiki ya kwanza kwa anayejifunza: njia ya Uyole, Isyonje hadi Kikondo, bajeti milioni tatu

Bibi_Shamba

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa pikipiki ya kwanza. Nimeshajifunza klachi na gia uwanjani, niko darasani kwa ajili ya leseni, ila sijawahi kumiliki chombo. Kazi ni ya ugani. Nakaa Uyole, Mbeya, siku nyingi za wiki napanda Isyonje kwa lami, halafu naingia kipande cha udongo kuelekea Kikondo na vijiji vya pembeni. Urefu wangu sentimita 158, uzito kilo 56. Mzigo ni begi, sampuli za mbegu na bomba la kupulizia dawa, jumla kilo 20 hivi. Abiria ni mara chache.

Nina milioni tatu, na kila kitu kiingie humo. Kazini wananiambia nichukue ya cc 150 moja kwa moja nisije nikaichoka ndogo mapema. Nyumbani wanasema Mchina (pikipiki ya Kichina) wa cc 125 anatosha kujifunzia. Cc ngapi, aina gani, mpya au iliyotumika?

Fundi_Kabwe

Dada, cc tuiweke pembeni kwanza. Anza na miguu yako.

Vaa viatu utakavyoendeshea, nenda dukani, kalia pikipiki ikiwa imeshushwa kwenye stendi. Nyayo za mbele za miguu yote miwili ziguse chini bila kukaa upande. Ukimaliza, omba isogezwe mahali penye mwinamo ukae tena. Hapo ndipo wengi wanashindwa, maana barabara za kwetu hazina tambarare: unasimama kumpisha ng'ombe, mguu wa kushoto unatua kwenye mfereji uliochimbwa na mvua, chombo kinalala. Kwa urefu wako, Boxer, TVS HLX na Wachina wengi wa aina ya CG wanakufaa, viti vyao viko karibu na sentimita 80 au chini kidogo. Zile ndefu za porini kama Honda XL au Yamaha DT ni vyombo vizuri sana kwa udongo, lakini viti vyake viko juu zaidi na utasimamia vidole. Ziache mpaka uzoee. Tena DT za zamani ni tuu-stroku, zinataka oili yake maalumu ya kuungua pamoja na petroli, na ikiisha bila wewe kujua pistoni inang'ang'ania.

Jaribio la pili: isukume ukiwa pembeni yake, igeuze mahali pembamba, kisha ipandishe stendi kubwa. Usiinyanyue kwa mikono. Kanyaga mguu wa stendi kwa uzito wako wote mpaka ncha zote mbili ziguse ardhi, mkono wa kulia ukiwa umeshika keria, halafu simama juu ya ule mguu. Chombo kinapanda chenyewe. Kikikushinda ukiwa hujachoka, jioni kwenye matope kitakushinda zaidi.

Sasa aina. Wachina wa kawaida (SanLG, Fekon, T-Better na ndugu zao) injini zao nyingi zimenakiliwa kutoka Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Ni injini ya fimbo za vavu, haina cheni ya taimingi, inavumilia fundi wa chini ya mti na vipuri vyake ni rahisi. Udhaifu hauko kwenye muundo, uko kwenye chuma: boliti zinalegea, waya zinachubuka, beringi za magurudumu zinaisha mapema, spoku zinakatika. Mchina mpya ukimnunua, kaza kila boliti siku ya kwanza na urudie baada ya kilomita 300. Boxer na HLX zimetengenezwa vizuri zaidi na mafuta zinakula kidogo. Cheni ya taimingi ikilegea inalia kwa kukwaruza upande wa kushoto wa injini, na hiyo haisubiri.

Kwa njia yako ningechukua Boxer au HLX ya daraja la 125. Sababu kubwa ni vipuri. Mwanjelwa hukosi kitu, lakini cha kuangalia ni kule juu. Kabla hujanunua, ukifika Isyonje ingia kwenye maduka mawili matatu uulize wana kebo ya klachi, tyubu, plagi na breki shuu za chombo gani. Jibu lao lina uzito kuliko langu.

NjiaYaKitulo

Natofautiana na fundi kidogo. Barabara ya Isyonje inapanda mfululizo na ukifika uko juu ya mita 2,000. Pikipiki ya kabureta inapoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Ile 125 yenye nguvu za farasi 10 na kitu dukani, kule juu ina farasi 8. Nyuma yako kuna malori na mabasi ya Kyela yanayotaka kupita. Anayejifunza akikosa nguvu katikati ya mlima anababaika, anashusha gia kwa pupa, inazima, inarudi nyuma. Boxer BM 150 ina injini ya cc 144.8 na farasi 12, inavuta kutoka chini bila kubadili gia kila mara. Kwa mwanafunzi, kubadili gia kidogo ni usalama.

Fundi_Kabwe

Mkuu hoja yako ya kimo ni kweli kabisa, na ya kupunguza kubadili gia nayo ni nzuri. Tupige hesabu ya huyu dada lakini. Chombo cha 125 kina kilo 115 hivi, yeye 56, mzigo 20: jumla kama 190. Huo ni uzito mdogo. Bodaboda wa Igawilo anapanda na 125 hiyohiyo akiwa na abiria na gunia. Angekuwa mtu wa kilo 85 anayebeba abiria kila siku, ningesema 150 bila kufikiri.

Kuna njia ya kupata mvuto bila kuongeza cc, nayo ni spoketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni. Chukulia chombo chenye meno 15 mbele na 42 nyuma. Ukiweka 14 mbele, unapata mvuto zaidi kwa karibu asilimia 7, na mwendo wa juu kabisa unapungua kwa kiasi hichohicho. Kwa anayeanza mwendo wa juu hauna kazi. Kapu (spoketi ndogo ya mbele) la 14 ni bei ndogo na linafungwa kwa muda mfupi, ila hesabu meno ya chombo chako kwanza na hakikisha ni la cheni ya saizi ya 428, kisha rekebisha cheni upya. Cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati, ukiwa umeipima sehemu iliyobana zaidi, maana cheni iliyochakaa haibani sawa pande zote. Ikiwa imekaza sana inaua beringi ya shafti ya gia, na hiyo ni kupasua injini.

Halafu kabureta. Kwa kimo hiki chombo kilichosetiwa kwa ajili ya Dar kinapata petroli nyingi kuliko hewa. Dalili: plagi nyeusi yenye masizi makavu, harufu ya petroli kwenye ekzosi, inakohoa ukivuta resi yote mlimani. Kabla hujagusa kabureta, angalia chujio la hewa, kwa sababu chujio lililojaa vumbi linatoa dalili zilezile. Likiwa safi, fundi afungue mfuniko wa kabureta, atoe sindano na kukipandisha kipini chake juu kwa mfuo mmoja. Kipini kikipanda sindano inashuka, petroli inapungua. Mfuo mmoja tu, halafu endesha na usome plagi tena. Rangi unayoitaka ni ya kahawia kama chai ya maziwa. Ikitoka nyeupe umepunguza mno na injini itachemka.

Leseni nayo iingie kwenye hesabu. Pikipiki inayozidi cc 125 inataka daraja A. Chini ya hapo ni A1. Muulize mwalimu wako anakuandaa kwa daraja lipi kabla hujalipia BM 150.

Bibi_Shamba

Nimeelewa, nimeegemea 125. Kuna mtu Mbalizi anauza Boxer iliyotumika, anasema haijawahi kufanya bodaboda. Bei yake inaniachia hela ya kutosha. Nikienda kuiona niangalie nini, ukizingatia sijui injini?

Gereji_Mbalizi

Nenda asubuhi na mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika shika injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, kuna kitu kilikuwa kinafichwa: inagoma kuwaka asubuhi, au inatoa moshi ikiwa baridi. Ahirisha urudi siku nyingine.

Ikiwa imepoa, usiombe selfu. Zima swichi, piga kiki taratibu kwa mkono au mguu. Lazima ifike mahali ikatae, iwe nzito, ndipo ipite. Kiki inayoshuka laini kutoka juu hadi chini inasema ringi au vavu zimekwisha. Baada ya hapo washa na simama nyuma ya ekzosi. Mvuke mweupe wa dakika mbili kwenye baridi ya Mbeya ni unyevu, usikutishe. Moshi wa bluu ndio wenye maana: ukitoka wakati anavuta resi, ringi zimechoka, ukitoka pale anapoachia resi baada ya kuivuta, ni sili za vavu. Sili ni kazi ya kawaida. Ringi mara nyingi zinakwenda na silinda, kwa hiyo punguza bei sana au ondoka.

Sikiliza juu ya injini. Mlio mdogo wa tik-tik wa vavu si ugonjwa, vavu inayolia kidogo ni afadhali kuliko iliyobana, kwani iliyobana haifungi vizuri na ile ya ekzosi inaungua. Kwenye injini za aina ya CG nafasi yake ni kama milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaoongezeka ukivuta resi, ni koni rodi, fimbo inayoshika pistoni. Hapo usijadili bei.

Ipandishe stendi kubwa, mtu akalie nyuma ili gurudumu la mbele liwe hewani. Geuza mpini pole pole kushoto kulia. Ukihisi unadumbukia kwenye kishimo pale katikati, beringi za shingo zimeliwa. Shika shokapu za mbele kwa chini, sukuma na kuvuta: isicheze. Pitisha kidole kwenye bomba linalong'aa la shokapu; oili ikibaki kidoleni, sili zimepasuka, na kama bomba lina kutu au mikwaruzo, sili mpya nazo zitapasuka. Nenda nyuma, shika gurudumu la nyuma kwa juu ulitikise kulia na kushoto. Likicheza ni beringi au bushi za ule mkono unaolishika. Bushi zikiisha, nyuma inayumba kwenye kona na anayejifunza anadhani kosa ni lake.

Cheni: ivute kutoka nyuma kabisa ya spoketi kubwa. Ikinyanyuka mpaka uone nusu ya jino, imekwisha. Meno yaliyopinda kuelekea upande mmoja yamekwisha pia, na vinabadilishwa vyote vitatu kwa pamoja: cheni na spoketi zote mbili. Ukiweka cheni mpya juu ya meno ya zamani, inakufa mapema.

Klachi ijaribu mlimani. Uko gia ya nne kwa mwendo wa kati, vuta resi ghafla. Mlio ukipanda na mwendo usipande, sahani zinateleza. Kabla ya kumlaumu chuma, uliza oili aliyoweka. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za magari mapya zina dawa ya kupunguza msuguano, inayofanya sahani ziteleze. Kopo la oili ya pikipiki liwe na alama ya JASO MA au MA2.

Maneno ya "haijafanya bodaboda" usiyahesabu. Tazama mpira wa kukanyagia breki, mpira wa gia na vikanyagio vya abiria. Kama vya abiria vimelika kuliko vya dereva, umeshajua. Angalia pia keria kama imechomelewa upya kwenye fremu, na chini ya tanki pale fremu inapokutana na shingo: rangi iliyopasuka kama uzi hapo ni fremu iliyopata mpasuko.

Mtu_wa_Chunya

Na karatasi. Namba ya chasisi iko shingoni mwa fremu, ya injini iko kwenye kasha la injini. Zote mbili zisomeke kwa macho na zifanane na kadi herufi kwa herufi. Namba iliyopigwa patasi au kupakwa rangi nzito, acha chombo hapohapo. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na kitambulisho chake ukione. Ikiwa kadi ina jina la mtu wa tatu, huyo mtu wa tatu ndiye asaini mkataba wa mauziano. Kagua faini kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi wa mtandaoni kabla ya kulipa, kwa sababu deni linafuata chombo. Kisha uhamishe umiliki TRA mapema. Ukichelewa, siku muuzaji hapatikani wewe ndiye unayehangaika.

Kamwene_Ipogolo

Kamwene dada. Mmemshauri vizuri kuhusu chombo, niseme habari ya mteremko, maana kupanda kunaonekana kugumu lakini wageni wa pikipiki wanaumia wakishuka. Iringa tuna hiyo ya kutoka mjini kushuka Ipogolo, tuna Kitonga. Wewe una Isyonje kushuka Uyole. Kanuni ni ileile.

Shuka na gia unayoweza kupandia. Kama mlima ule unaupanda na gia ya tatu, ushuke na ya tatu, na kwenye kona kali ya pili. Injini yenyewe inakushika. Kuna tabia imeenea ya kuweka frii (bila gia) na hata kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Usiiige hata siku moja. Vyombo vingi vya bei hii vina breki za dramu, mbele na nyuma. Dramu ikishikiliwa muda mrefu inapata joto, breki shuu zinapoteza kushika, na mguu unakanyaga mpaka mwisho bila kitu kutokea. Ukiwa frii wakati huo hakuna kingine cha kukupunguza. Breki ishikwe kwa vipindi: bana kwa nguvu ya wastani mpaka mwendo ushuke, achia kabisa ipate hewa, rudia. Kuiburuza kidogokidogo mlima mzima ndiko kunakoiunguza. Ukipata toleo lenye diski mbele ndani ya bajeti, chukua hilo. Diski inapoa haraka na inakauka haraka baada ya mvua.

Breki ya mbele usiiogope. Kwenye lami kavu ndiyo inayosimamisha chombo, kwa sababu uzito unahamia mbele unapopunguza mwendo. Inayoangusha watu ni kuidaka ghafla. Ibane kwa vidole viwili au vitatu, kama unakamua, nguvu ikiongezeka. Kwenye udongo mlegevu au changarawe tumia zaidi ya nyuma na mbele uguse tu, mpini ukiwa umenyooka. Mpini umepinda na breki ya mbele imebanwa juu ya changarawe, gurudumu linateleza kabla hujajua.

Kuondoka mlimani ndiyo kazi ya kufanyia mazoezi mpaka mwili uzoee. Mguu wa kulia kwenye breki ya nyuma, wa kushoto chini. Ingiza gia ya kwanza, achia klachi mpaka usikie mlio unashuka na nyuma ya chombo inajikaza. Simamisha mkono hapo. Ongeza resi kidogo, achia breki ya mguu, ndipo uachie klachi iliyobaki. Fanya kwenye mwinamo mdogo usio na magari, kisha mkubwa, kisha ukiwa na kilo zako 20 nyuma, kwa kuwa mzigo kwenye keria unanyanyua mbele. Bomba la dawa lifungwe karibu na kiti kadiri inavyowezekana, na liwe tupu. Maji yakiwa nusu yanacheza na kukusukuma kwenye kona.

Udongo wa kule ukilowa unajaza mifuo ya tairi na tairi inakuwa laini. Tairi za vijino vikubwa, zile za kashata, zinasaidia, ingawa kwenye lami yenye maji zinashika vibaya, nawe nusu ya safari ni lami. Ningeweka kashata nyuma tu, mbele ibaki ya mchanganyiko. Upepo: mbele psi 25, nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukibeba abiria. Kuna wanaopunguza sana ili ishike matope. Tairi inazunguka juu ya rimu, mdomo wa tyubu unang'oka, na hiyo si pancha ya kuziba. Angalia pia nafasi kati ya madigadi ya mbele na tairi. Ikiwa ndogo, tope la mfinyanzi linajaa na gurudumu linajifunga. Fundi anaweza kuinua madigadi kwa kuweka washa (pete za boliti) mbili tatu.

Fundi_Kabwe

Hapo kwa Ipogolo naongeza moja: kebo za klachi na za breki ya mbele zitiwe oili kila mwezi wakati wa mvua. Zikishika kutu ndani, klachi inakuwa nzito na inaachia kwa kushtuka, na ndiyo inayozimisha chombo mlimani. Beba kebo moja ya akiba ya klachi, plagi, spana ya plagi, na tyubu ya nyuma. Vinaingia chini ya kiti au kwenye begi dogo.

Oili ya kwanza kwenye chombo kipya itoke kwenye kilomita 500, kwa kuwa inabeba unga wa chuma wa vyuma vinavyozoeana. Baada ya hapo kila kilomita 1,500 hadi 2,000 kwa njia ya milima na vumbi. Inaingia takribani lita moja. Pima kwa kijiti chombo kikiwa kimesimama wima kwenye stendi kubwa, maana kikiegemea stendi ndogo kinadanganya. Kwa baridi ya Juni na Julai 20W-50 ni nzito asubuhi. 10W-40 inafika juu ya injini upesi zaidi.

Sista_Njombe

Hakuna aliyetaja kofia. Kwenye hizo milioni tatu, tenga ya kofia ngumu kabla hujachagua chombo, na isiwe ile inayokuja bure na pikipiki. Igeuze uangalie ndani: chini ya kitambaa kuwe na povu gumu lililoshikamana, unene wa vidole viwili hivi. Nyingi za bei rahisi ni ganda la plastiki na sponji laini tu, hazifyonzi kishindo. Alama ya kutafuta ni ECE 22.05 au 22.06, imeshonwa kwenye mkanda wa kidevu. Ivae, funga mkanda, tikisa kichwa. Ngozi ya mashavu iende pamoja na kofia. Kisha mtu aivute kutoka nyuma kwenda mbele: ikitoka kichwani ilhali mkanda umefungwa, ni kubwa. Kama unavaa kilemba au umesuka rasta nene, ijaribu ukiwa hivyo. Na nunua mbili, abiria wa mara chache ana kichwa pia.

Kioo cha kofia kiwe cheupe. Cheusi kwenye ukungu wa Isyonje ni kuendesha gizani. Glavu zinazofunika kifundo, koti la mvua lenye rangi inayoonekana, na viatu vinavyopita kifundo cha mguu. Gambuti ziko sawa kwa matope, ila hakikisha ncha yake inaingia chini ya lever ya gia bila kukwama.

Kwa mgawanyo, ningechukua chombo kisichozidi milioni mbili na nusu, iliyobaki ni kofia, nguo, bima, kuhamisha kadi na matengenezo ya kwanza. Chombo kilichotumika kinataka akiba kubwa zaidi ya matengenezo, usiione hiyo tofauti ya bei kama faida yote.

NjiaYaKitulo

Nimeridhika na hesabu ya fundi, 125 na kapu la 14. Ombi langu moja kwako dada: mwezi wa kwanza usiingie barabara kuu ya Tunduma kati ya Uyole na mjini saa za malori. Lori refu likikupita karibu, kwanza upepo unakusukuma pembeni, kisha unakuvuta kuelekea kwake. Ukisikia linakuja, kaa kwenye theluthi ya kushoto ya njia yako, legeza viwiko, bana tanki kwa magoti, usiangalie lori. Macho yaende unakotaka kufika.

Bibi_Shamba

Ndaga fijo nyote. Nitaenda Mbalizi asubuhi na karatasi hii mkononi, nikiwa na fundi. Swali la mwisho: wenzangu wa Kikondo wanasema asubuhi za baridi pikipiki zao zinagoma mpaka wasukume. Nifanyeje?

Gereji_Mbalizi

Fungua koki ya mafuta, vuta choki yote, swichi ikiwa imezimwa piga kiki mbili tatu taratibu ili petroli iingie na oili ilegee. Washa swichi, piga kiki moja kamili bila kugusa resi. Resi ukiivuta wakati choki imevutwa unaiharibia mchanganyiko. Ikiwaka, iache sekunde 30 hadi 60, rudisha choki nusu, na ikitulia rudisha yote kabla hujaondoka. Ukisahau choki ikiwa imevutwa, plagi itajaa masizi kabla hujafika Isyonje.

Ikikataa na unasikia harufu ya petroli, imekunywa, yaani petroli imejaa kwenye silinda. Rudisha choki, vuta resi mpaka mwisho uishikilie, piga kiki tano sita; hewa inakausha silinda na inawaka kwa kishindo, achia resi mara moja. Ikikataa bila harufu yoyote ya petroli, chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo. Weka kifuniko cha chupa chini yake, ilegeze. Kikitoka kitu kinachotengana, matone mazito yakikaa chini na petroli juu, hayo ni maji. Yaache yatoke yote, kaza skrubu, jaribu tena. Kule juu usiku tanki lisilojaa linatengeneza unyevu kwa ndani, kwa hiyo jaza mafuta jioni, sio asubuhi.